Sweta Nyeusi ya Gikomba

Julai ya Nairobi haina huruma. Mwaka 2011 nilidamkia Gikomba mitumba ikifunguliwa, nikapigania sweta nyeusi ya sufu, nyepesi hadi ukiikunja inaenea kiganjani. Shilingi mia mbili. Lebo ilisema John Smedley, Uingereza. Dosari yake ilikuwa moja tu: tundu la nondo chini ya kola.

Nyuma ya soko alikuwapo mzee aliyefuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Nikampelekea. Tundu hata hakulitazama. Aliigeuza ndani nje, akalivuta kwapa juani.

"Unaona hivi vialama, kijana? Hii haikukatwa."

Sweta nyingi hukatwa kwa makasi kutoka kwenye kitambaa, kisha zikashonwa. Hii, kila kipande kilifumwa kikiwa na umbo lake: panapotakiwa kupungua, vitanzi vya pembeni huhamishiwa sindano za ndani, na vialama hubaki hapo. Yeye alivihamisha kwa mkono. Waingereza wana mashine ya kazi hiyo tangu William Cotton wa Loughborough alipoisajili mwaka 1864.

Kisha akanionyesha kola ilivyoungwa na mwili, kitanzi kwa kitanzi. Kazi hiyo aliijua. Miaka mingi alikaa kiwandani, Indastria Eria, mbele ya gurudumu lenye miiba, akivisha kila kitanzi kwenye mwiba wake; ukiruka kimoja, kola inafumuka mvaaji akiwa njiani. Kiwanda kilifungwa miaka ya tisini, soko lilipolegezwa na mitumba ikamiminika. Aliyasema hayo mikono yake ikiwa ndani ya mtumba wangu, na mimi nikakosa la kujibu.

(Baadaye nilisoma kwamba kampuni ya John Smedley ilianza mwaka 1784 huko Lea Mills, Derbyshire, na husifika kwa ufumaji wa geji 30, yaani wa sindano zilizosongamana sana, ulio mwembamba mno. William Lee, aliyebuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, alitoka Nottinghamshire, kaunti jirani. Tuseme Kiambu na Murang'a.)

Uzi wa kuziba aliutoa kwenye kopo la maziwa, lililojaa nyuzi alizofumua kwenye sweta kuukuu. Kwanza alivinasa vitanzi vilivyoachia kwa kindoano chembamba, visizidi kuteremka. Halafu akafuata njia ya uzi wa zamani kwa sindano, juu, chini, nyuma ya kitanzi, juu tena, pua ikikaribia kugusa sufu. Adhuhuri ilitupita hapo. Alipomaliza nilipapasa, nisijue tundu lilikuwa wapi.

"Mia tatu."

"Mzee, sweta yenyewe nimenunua mia mbili!"

"Aliyekuuzia aliifuma?"

Nikalipa. Akaikunja mwenyewe, akanionya nisiitundike kwenye henga, itarefuka mabega. Kisha akageukia oda yake ya sweta za kijani, shule zilikuwa karibu kufunga.