Sindano za Mama Hazitupwi Shimoni

Tangu mama aanze kujichoma insulini, dawa ya kisukari, hapa nyumbani Uyole, nimejifunza kwamba sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake, kwa kuwa wengi hujichoma wakati huohuo, bali hutumbukizwa mara moja katika chombo kigumu kisichotoboka. Sisi tunatumia dumu tupu la sabuni. Likijaa robo tatu hufungwa na kupelekwa kituo cha afya, likateketezwe. Awali, kwa aibu yetu, tulizitupa shimoni pamoja na maganda ya viazi, hadi jirani aliyekuja kuchota mboji alipochomwa kidole, ajali ya aina inayoweza kuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Dumu hukaa juu ya kabati, kwani wajukuu hawana simile.