Kamba nyekundu

Jana alfajiri tulitoka Wesha, Pemba, mimi na mjomba, kwenda kuvua kwenye kisiwa cha Misali. Mbingu ilikuwa imefunga, mawingu ya rangi ya majivu kila upande. Tangu utoto nimeambiwa kwamba bahari ni buluu kwa kuwa inaakisi mbingu, nami niliamini hivyo mpaka jana.

Mjomba huisoma bahari kwa rangi. Kwenye mikoko maji yalikuwa kama chai kavu, kwa matope na majani yaliyooza. Mbele kidogo yakawa kijani: humo mna vijimea vidogo mno, jicho haliwaoni mmoja mmoja, lakini ukijani wao ni ule ule wa majani ya muhogo. Juu ya fungu la mchanga mweupe maji yakang'aa, maana mwanga hugonga mchanga na kurudi haraka. "Hapa pondo inafika chini," akasema, yaani ule mti wa kusukumia chombo.

Magharibi ya Misali mwamba unakatika ghafla. Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi. Nilipoinama na kutazama chini moja kwa moja, niliona buluu nzito, buluu ya wino, na juu yetu hakukuwa na samawati hata kidogo!

Tukatia nanga ukingoni mwa mwamba. Nikavaa miwani, nikazamisha uso. Kamba yetu ya nanga ni nyekundu, mpya kabisa. Pima ya kwanza ilikuwa nyekundu. Ya tatu ikawa kahawia. Kwenye ya sita niliiona nyeusi kama iliyopakwa lami. Tulipoipandisha, ikatua miguuni mwangu nyekundu vile vile, inachuruzika maji.

Kumbe maji yenyewe hula wekundu wa mwanga. Buluu ndiyo inayopenya mbali, ikatawanywa na maji hadi ikarudi machoni. Mwaka 1921 mwanasayansi wa India, C. V. Raman, alipita Mediterania kwa meli, akachuja mng'ao wa juu ya maji kwa kipande cha fuwele, na bado akaiona buluu. Naye alikuwa amesoma kwamba ni mbingu tu inayoakisiwa, akakataa. Nimefurahi sana kujua kwamba swali langu liliwahi kumsumbua mtu mwingine baharini.

Nilimweleza mjomba yote hayo tukirudi. Akaishika ile kamba, akaitazama.

"Ndiyo maana changu mwekundu," akasema, "nikimvuta kwa mshipi, huja mweusi. Wekundu wake huuona akishafika juu."