Njano kabla ya nyekundu

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Kibirizi, Kigoma. Tuko wanawake 38, wengi tunanunua dagaa alfajiri mitumbwi inaporudi, tunaanika, tunauza. Marejesho yetu hayasubiri mwisho wa mwezi kama ya watu wa mshahara. Wavuvi hufuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazivuti dagaa, na hela haionekani. Kwa hiyo kila mkopaji ana tarehe yake, na kwenye daftari langu la Excel zimetawanyika ovyo.

Mwezi wa kumi nilisoma kikaoni jina la mama mmoja, mtu mzima kuliko mama yangu mzazi: amechelewa siku mbili, faini shilingi 5,000. Alifungua pindo la khanga, akalipa mbele ya wote. Baadaye akaniita pembeni. "Mwanangu, hela nilikuwa nayo. Ungenikumbusha juzi tu." Niliumia sana. Tarehe yake nilikuwa nayo mimi, mstari wa 23, na sikuiona.

Usiku ule nikakaa na kompyuta. Kolamu E ni tarehe ya mwisho ya kulipa, F ni siku aliyomaliza kulipa. Nikachagua kuanzia A2 hadi G39, nikaingia Home, Conditional Formatting (sehemu ya kuiambia Excel ipake rangi yenyewe kwa masharti), New Rule, nikachukua chaguo la mwisho, lile la kuandika fomula. Kwa waliochelewa niliweka nyekundu:

=AND($F2="",$E2<>"",$E2<TODAY())

Yaani hajamaliza, tarehe ipo, na ni ya kabla ya leo. Msiache kipande cha katikati: seli tupu Excel huihesabu sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko leo, hivyo mistari isiyo na mkopo nayo itawaka. Alama ya dola inaifunga kolamu isihame, huku 2 ikibaki huru kushuka 3, 4, 5. Ndiyo inayofanya mstari mzima upate rangi badala ya seli moja moja.

Lakini ninayoipenda ni ya pili, ya njano:

=AND($F2="",$E2>=TODAY(),$E2<=TODAY()+5)

Siku tano zilizobaki. Nyekundu inaniambia nani wa kutozwa faini. Njano inaniambia nani wa kumwendea kabla.

Mistari mitatu ilikataa kabisa kuwa na rangi, na mmoja nilijua umepitiliza. Nilihangaika nayo hadi saa sita usiku. Kumbe tarehe zake niliziandika kwa nukta, 15.10.2025, na kompyuta yangu ikazichukua kama maneno. Tarehe halisi kwa Excel ni namba, hesabu ya siku tangu 1 Januari 1900. 1 Januari 2025 ni 45658. Maneno yakilinganishwa na namba, maneno huhesabiwa makubwa daima, kwa hiyo mkopo ule usingekuwa mwekundu hata mwaka upite. Kama hamjagusa mpangilio wa seli, tazameni tu: tarehe halisi hukaa kulia, maneno hukaa kushoto. Nikaziandika upya kwa mkwaju (/), zikawaka palepale.

Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kikao ndicho kinachosogeza tarehe. Kazi yangu ni kubadilisha kolamu E, rangi zinajipanga zenyewe.

Kikao chetu ni Ijumaa. Sasa Jumapili jioni nafungua faili, naandika majina ya njano kwenye karatasi, asubuhi naipitia mialo, kule mitumbwi inakotia nanga. Wiki hii walikuwa wawili. Mmoja ni yule mama wa mstari wa 23, nilimkuta akigeuza dagaa juani. Nikamwamkia, nikainama karibu na sikio lake.

"Alhamisi, mama."

"Haya, mwanangu. Alhamisi."