Laptopu ya mjomba

Mwaka 2014 nilirudi Kigoma likizo, nikitokea chuoni Dodoma, nikakuta steshenari ya mjomba wangu pale Mwanga imebaki kuuza kalamu na madaftari. Kazi za kuchapa zilikuwa zimehamia kwa jirani. Laptopu yake, ThinkPad ya mtumba, ile yenye kidude chekundu katikati ya kibodi, ukiiwasha ulikuwa na muda wa kwenda kunywa chai na kurudi. Flashi za wateja zilikuwa zimeijaza virusi. Fundi alishaipiga Windows upya zaidi ya mara moja, analipwa, anaondoka, na mteja wa kwanza anakuja na virusi vilevile. Halafu ilikuwa Windows XP, toleo ambalo Microsoft walishaacha kulihudumia tangu Aprili 8 mwaka huohuo.

"Mjomba, niachie niiweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows."

"Shilingi ngapi hiyo, mjomba?"

"Ya bure."

"Ya bure? Basi mwenyewe atakuja kuidai."

Nilikuwa na CD ya Lubuntu 14.04 niliyoichoma chuoni. Ni aina ya Linux, ndugu yake Ubuntu, ila imepunguzwa uzito kwa ajili ya mashine kongwe. Nikahamisha nyaraka zake kwanza, nikabonyeza F12, nikachagua CD. Kikatokea kioo cheusi na maandishi meupe: keneli, yaani moyo wa mfumo, inataka prosesa yenye PAE, uwezo wa kutumia kumbukumbu kubwa zaidi, na hii haina. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. "Imekataa," akasema, kama mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hilo.

Haikuwa imekataa. Prosesa ilikuwa Pentium M ya zamani, na nyingi za aina hiyo PAE zinayo, ila haziitangazi, kwa hiyo keneli inadhani haipo. Toleo la 14.04 lilikuja na dawa yake: kwenye menyu ya kuwashia unaongeza neno forcepae, la kuilazimisha keneli iendelee. Unaliandika mara mbili, kabla na baada ya vistari viwili (--). La kwanza ni la CD yenyewe, la pili linaufuata mfumo hadi kwenye diski. Ukisahau la pili, utasakinisha vizuri kabisa, halafu mashine igome kuwaka. Mwenzangu wa bwenini alikuwa na mashine ya rika hilo, ndiko nilikojulia.

Ikawaka. Nikabonyeza kusakinisha, mstari ukaanza kutembea, na haujafika hata nusu umeme ukakatika. Wakati ule Kigoma haikuwa kwenye gridi ya taifa, tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na betri ya laptopu ilikuwa imekufa siku nyingi. XP imeshafutwa, Linux haijaingia. Mjomba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nikaenda kwa kinyozi wa jirani mwenye jenereta, nikamwachia hela ya mafuta, nikavuta waya hadi dukani kupitia dirishani. Nikaanza upya na sauti ya mashine ya kunyolea ikiwa masikioni.

Jioni ilikuwa tayari. Modemu ya Huawei ilitambuliwa bila kuomba CD yoyote, tukapakua LibreOffice ya kuandikia nyaraka, maana AbiWord, programu ya kuandikia iliyokuja na Lubuntu, ilikuwa inavuruga majedwali ya wateja. Printa ndiyo ilitutoa jasho mpaka kesho yake.

Lakini mjomba hakushawishika na hayo yote. Alishawishika na flashi ya mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja anahema: mitihani yote ya muhula imo humo, na kila folda imegeuka njia ya mkato isiyofunguka. Nikaichomeka. Folda zake zikajipanga zote, nzima. Kile kirusi hakifuti kitu. Kinazificha folda halisi kwa alama ambayo Windows huiheshimu, kisha kinaweka bandia mahali pake. Linux haijali ile alama, na bandia zile haziwezi kujiendesha humo. Nikazifuta mbele ya macho yake, nikamchapia mitihani.

"Mwanao huyu, mzee?" mwalimu akauliza.

"Mtoto wa dada. Hivi vitu anavijua tangu mdogo," mjomba akajibu, bila haya.

Wiki ileile akachukua kipande cha boksi na maka peni, akaandika TUNAFUFUA FLASHI, akakitundika mlangoni. Bei alipanga mwenyewe. Mimi nilinunuliwa soda.