Mbuzi wa mjomba na homa iliyoitwa malaria miezi minne

Mjomba wangu yuko kule tambarare ya Same, ana mbuzi arobaini na kitu na ng'ombe wachache, mzee wa miaka 63 ambaye sijawahi kumkuta amelala mchana hata siku moja. Mwaka juzi mwezi wa tatu akaanza homa. Homa yenyewe haieleweki, mchana anazunguka na mifugo vizuri tu, ikigonga saa mbili usiku inapanda, anatetemeka, usiku wa manane jasho mpaka mke wake anageuza godoro, asubuhi imeondoka kama haikuwepo. Wiki mbili kimya halafu inarudi. Na kiuno, jamani kile kiuno, kufunga kamba za viatu mpaka aite mjukuu.

Zahanati wakasema malaria, akapewa mseto. Akarudi, malaria tena. Mara ya tatu taifodi, mara ya nne taifodi na UTI, yaani wale ndugu watatu wa kwetu, ukienda na kichwa kinauma hutoki bila kubebeshwa mmojawapo. Siku niliyokwenda kumsalimia akanimiminia kitandani kopo la Blue Band lililojaa mabaki ya dawa nikahesabu aina tisa. Na pale kijijini maneno yalishaanza, eti kuna mtu kamtupia kitu kwa sababu ya ule mgogoro wa mpaka wa shamba, na mjomba mwenyewe alikuwa ameanza kuamini amini.

Aliyeigundua sio daktari. Ni bwana mifugo, tena alikuja kwa mambo yake, chanjo ya sotoka ya mbuzi. Akamkuta mjomba kajikunja kwenye kigoda akamuuliza, mzee shikamoo, mbona umekonda hivyo? Mjomba akamwelezea homa, bwana mifugo akasikiliza weee halafu akauliza swali ambalo miezi minne hakuna aliyeuliza, "Mzee, msimu huu mbuzi wangapi wametupa mimba?"

Watano. Na mmoja kati ya hao kondo la nyuma liligoma kutoka, mjomba akalivuta kwa mikono mitupu, na vidole vyake vina michubuko ya miiba muda wote, halafu akanawa maji ya ndoo akaendelea na maisha. Wiki tatu baadaye homa.

Bwana mifugo akasema mpelekeni mjini wakampime brusela. Mimi brusela nilikuwa najua ni ugonjwa wa ng'ombe, ule wa kutupa mimba, sikujua na binadamu tumo. Tukaenda. Jamaa wa maabara alikuwa mtu poa akaniacha nichungulie. Anachukua yale maji ya juu ya damu ikishatulia, anaweka tone kwenye kigae cheupe, pembeni tone la dawa ya rangi ya waridi, anachanganya na kijiti halafu anakiyumbisha taratibu kama mtu anayepepeta mchele, dakika nne. Ya mgonjwa aliyetangulia ilibaki laini kama sharubati. Ya mjomba ikaanza kufanya chembechembe pembezoni, zikazidi, mpaka ikawa kama maziwa yaliyokatika. Jamaa akanyamaza kidogo akasema, "Mzee ana mbuzi eeh?"

Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikaanza kusoma usiku kucha, na nilichokikuta ndio kimenifanya niandike hapa. Kumbe watafiti walishalifanyia kazi jambo hili hapa hapa Kilimanjaro, tena zamani. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 walichukua wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali kwenye hospitali mbili za Moshi, watoto kwa wakubwa, wakawapima kila kitu. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli? 14. Kumi na nne! Halafu kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo, brusela, homa ya mgunda, homa ya Q, na yale ya kupe na viroboto. Matokeo yalichapishwa 2013, na kuna sentensi moja mle ndani niliisoma mara tatu, kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye wakati anapokelewa aliandikiwa kuwa huenda ana ugonjwa wa bakteria kutoka kwa mnyama. Hata mmoja. Kwenye mkoa ambao mbuzi analala jikoni.

Siwalaumu sana madaktari maana mtu huoni kitu ambacho huna kipimo chake. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo kila zahanati, kinakwambia vizuri kwamba hii sio malaria, ila kinaishia hapo, basi mtu anaandikiwa antibayotiki ya kubahatisha siku tano. Brusela inataka doksi, yaani vidonge vya antibayotiki ya doxycycline, wiki sita mfululizo na kwa kawaida sindano juu yake wiki za mwanzo au rifampisini, kile kijidudu kinajificha ndani ya seli zenyewe za kinga, siku tano ni kukichekea tu. Na mnakumbuka Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu wanatoka damu puani nchi nzima ikashtuka ugonjwa wa ajabu umeingia? Ilikuwa homa ya mgunda, hiyo hiyo ambayo huku Moshi ilikuwa inalazwa wodini kwa jina la malaria.

Hadithi ya brusela yenyewe ni ya zamani na ni tamu. Kisiwa cha Malta, wanajeshi wa Kiingereza wanaumwa homa isiyoisha, 1887 daktari wao David Bruce akakipata kijidudu kwenye wengu za waliokufa. Sawa, kinatoka wapi sasa? Wakahangaika karibu miaka 20, mara hewa mbaya, mara mbu. Mpaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, akapima damu za mbuzi, na mbuzi wa Malta walikuwa wanatembezwa nyumba kwa nyumba wanakamuliwa mlangoni kwako, wazima kabisa kwa kuwaangalia, kumbe ndio wenyewe. 1906 jeshi likakataza maziwa ya mbuzi kambini, homa ikaporomoka. Yaani hospitali walitibu na kutibu lakini jibu lilikuwa kwa mbuzi.

Ila sasa na mimi nikaharibu. Nikaeneza habari kwenye grupu la ukoo, basi kila mwenye mgongo anataka apimwe brusela. Binamu yangu anayeishi Kajiado, Kenya, akanicheka, akasema huku kwetu kila mtu ana brusela, ukipiga chafya unapewa. Nikadhani utani, kumbe nako kuna utafiti wa 2017, kile kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kinatumika sana kwenye vituo vya afya Kenya kilikuwa kinawapa ugonjwa watu wengi tu wasio nao, wanameza dawa wiki sita bure. Kwa hiyo upande mmoja wa mpaka haionekani kabisa, upande wa pili inaonekana hata pasipo na kitu.

Mjomba alianza doksi na siku ya kumi na nne akanipigia simu, mwanangu nimepona, hizi zilizobaki nawekea kopo. Tuligombana, heshima zote pembeni, mpaka mama ikabidi aingilie kama dada yake mkubwa. Akamaliza. Maziwa ndio ilikuwa vita kubwa zaidi, mzee anasema mtindi wa maziwa yaliyochemshwa hauna harufu ya kibuyu, mke wake akachemsha kimya kimya, akayapoza, akatia mtindi wa jana kidogo, wiki nzima mjomba anakunywa na kusifia. Chanjo ya mbuzi ipo, ya matone ya jichoni, ila ni kijidudu hai kilichodhoofishwa, mbuzi mwenye mimba inaweza kumwangusha na ikimrukia mchanjaji inamuumiza, kwa hiyo sio kitu cha kununua mnadani ukajichanjie, inamsubiri mtaalamu.

Mwezi uliopita nilikuwepo mbuzi mmoja akizaa. Mjomba akatoa juu ya kabati mifuko miwili ya rambo, ile iliyopigwa marufuku 2019, alikuwa kaificha muda wote huo, akaivaa mikononi akaifunga na mpira wa baiskeli kwenye viwiko. Kitoto kikatoka kizima. Kondo lilipodondoka akalibeba kwa koleo hadi nyuma ya zizi ambako alishachimba shimo tangu asubuhi, refu la kufika gotini, akafukia, akapanga mawe juu. Mbwa akaja akakaa pembeni ya yale mawe akamwangalia mjomba, mjomba naye akamwangalia mbwa, halafu akaenda kuongeza jiwe lingine.