Figo za Zamani za Afande

Ilikuwa Kampala, mwaka 2019. Hospitali ya Mulago ilikuwa haijapandikiza figo hata moja, hilo lilikuja mwishoni mwa 2023, na wenye uwezo walikuwa wakipanda ndege kwenda India. Mgonjwa alikuwa askari mstaafu aliyesafishwa damu kwa mashine miaka sita kabla ya kupandikizwa. Sasa mkojo wake ulikuwa na damu. Ripoti aliyokuja nayo kutoka kituo kingine ilisema figo iliyopandikizwa ni nzima. Za asili hazikutajwa.

Nilianza kuipima hiyo mpya kwa altrasaundi, chini ya tumbo upande wa kulia, sentimita tatu tu kutoka kwenye ngozi. Kweli ilikuwa nzima.

"Afande, lalia ubavu wa kulia, mkono juu ya kichwa."

"Unatafuta nini tena, binti? Si walizitoa kule?"

"Hawazitoi, mzee. Zisiposumbua huachwa palepale, na mirija yake bado inaingia kwenye kibofu."

Hapa ndipo wengi hukosea. Mashine ya altrasaundi huwa bado imepangwa kwa figo ya juujuu, kwa hiyo ya asili haifikiwi. Niliongeza kina hadi sentimita 15, nikashusha masafa hadi megahezi 3. Figo iliyokaa muda mrefu bila kazi husinyaa na kung'aa kwenye skrini, ikafanana kabisa na mafuta yanayoizunguka. Ya kulia huonekana kupitia ini. Ya kushoto ina wengu mdogo tu wa kuchungulia, na mbele yake utumbo umejaa hewa. Dawa yake ni kuipeleka probu, kile kifaa kinachogusa ngozi, nyuma kabisa, kati ya mbavu za mwisho, mpaka vidole vyako viguse shuka, kisha mgonjwa avute pumzi. Figo itateleza pamoja na pumzi. Mafuta ya nyuma hubaki palepale.

Iliteleza. Sentimita 6.8, imejaa vifuko vya maji, jambo la kawaida kwa aliyekaa miaka mingi kwenye mashine ya kusafisha damu. Vifuko vyenyewe havikunitisha: vyeusi, ukuta mwembamba, nyuma yake kunang'aa. Kwenye ncha ya chini kulikuwa na kingine cha milimita 21, cha kijivu, na nyuma yake hakukung'aa. Kinaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya kifuko. Nilimgeuza alale chali, kisha ubavu tena; hakikubadilika. Nikawasha Dopla, inayoonyesha damu inayotembea. Kimya. Skeli ya kasi ilikuwa bado ya mishipa mikubwa, na damu ya vinundu vya namna hii hutambaa. Niliishusha hadi sentimita 5 kwa sekunde, nikamwambia abane pumzi. Vidoa viwili vyekundu vikajitokeza ndani ya kinundu, nikavipima: mapigo ya mshipa, si chokaa inayodanganya kwa rangi. Damu iliyoganda haina mshipa.

Alipokuwa akijifuta jeli alihesabu kwa vidole. "Kumbe nimebeba tatu, na iliyostaafu ndiyo inayoleta fujo."

Kwenye ripoti niliandika vipimo vya zote tatu, na kinundu peke yake kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu madaktari wenye foleni husoma mstari huo tu. Sitiskani ilikionyesha palepale. Figo ile ilitolewa, maabara ikasema ni saratani, bado haijatoka nje ya figo.