Nilivyoitoa sayari ndani ya mwanga wa nyota yake, nikiwa Lubumbashi

Picha ya sayari inayozunguka nyota nyingine inaweza kutengenezwa katika chumba kimoja cha Katuba, kwa laptopu ya mtumba yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, bila darubini yoyote nyumbani. Nimeitengeneza, na nataka kueleza namna, kwa sababu watu wengi huamini kwamba picha za aina hiyo hutoka kwenye darubini zikiwa tayari. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Lubumbashi. Sayari yenyewe ni Beta Pictoris b.

Nyota yake tunaiona kwa macho matupu, ingawa si kali. Iko kusini, si mbali na nyota ya Canopus. Mwezi wa Septemba kabla ya mapambazuko, kama moshi wa nyika zinazochomwa si mzito, inakuwa juu vizuri. Iko umbali wa miaka ya nuru 63 hivi, na ina umri wa miaka milioni 20 na kidogo, jambo linaloifanya kuwa changa sana kwa nyota. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile walionyesha picha ya vumbi linaloizunguka kama sahani iliyotazamwa ubavuni. Sayari ilitangazwa mwaka 2008 na kundi la Mfaransa Anne-Marie Lagrange, kutoka picha zilizopigwa 2003.

Uchanga huo ndio unaotufungulia njia. Jua letu linaizidi Mshtarii kwa mwanga wa kawaida kama mara bilioni moja, na hakuna kifaa cha leo kinachoweza kuishinda tofauti hiyo kirahisi. Lakini sayari changa bado ina joto la kuumbwa. Beta Pictoris b ina nyuzi karibu 1,400 za Selsiasi, kwa hiyo inatoa mwanga wake yenyewe, mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni. Kwenye mwanga huo, wenye urefu wa wimbi wa mikroni 3.8 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nyota inaizidi kama mara 1,600 tu. Tatizo linalobaki ni ukaribu: mwaka 2013 kati yao palikuwa na chini ya nusu ya sekunde ya pembe, na nyuzi moja ina sekunde kama hizo 3,600.

Data niliyotumia ilikusanywa usiku wa tarehe 31 Januari 2013 kwenye darubini ya VLT, mlima Paranal, jangwa la Atacama huko Chile. Kioo chake kina upana wa mita 8.2. Ndani ya kamera iliyoitwa NACO kulikuwa na kipande cha almasi kilichochongwa vijifereji vya duara, vyembamba kuliko mikroni. Mwanga wa nyota ukipita katikati kabisa ya vijifereji hivyo, unasukumwa pembeni ambako unazuiliwa. Mwanga wa kitu kilicho kando kidogo unaendelea na safari. Darasani, niliposema almasi, wanafunzi wote waliinua vichwa, kwani hapa kwetu kila ukoo una mtu aliyewahi kwenda kutafuta bahati Mbuji-Mayi. Niliwaambia hii ilikuzwa na watu, ikachongwa Uppsala, Uswidi, na kwangu thamani yake inapita ya pete yoyote.

Faili ina picha 61, kila moja piseli 101 kwa 101. Ni megabaiti chache, hata mega za siku moja zinatosha. Kilicho kizito ni programu: lugha ya kompyuta ya Python, pamoja na VIP, programu ya kuchakata picha za aina hii iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na kutolewa bure kwa yeyote. Nilizishusha usiku. Umeme ukikatika nilifanya kazi kwa betri ya sola, na kwa bahati hesabu yenyewe haimalizi betri. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na sisi tumesoma kwa Kifaransa. Mdogo wangu aliyesomea Ndola, ng'ambo ya mpaka, aliketi nami na kunisomea sentensi kwa sentensi.

Ukifungua picha mojawapo ya zile 61, unaona mviringo wa madoa ya mwanga kuizunguka nyota. Kila doa linafanana na sayari. Yanatokana na kasoro ndogo sana za vioo na mabaki ya msukosuko wa hewa ambayo kioo kinachojipinda mamia ya mara kwa sekunde hakikuweza kuyafuta. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu zaidi, kwa sababu sikutaka kubonyeza amri ambayo siielewi.

Siri iko kwenye mzunguko wa Dunia. Darubini kubwa za siku hizi hupanda na kushuka, na kugeuka kushoto na kulia. Zikifuata nyota usiku kucha, anga inaonekana kuzunguka polepole ndani ya kamera. Kwa kawaida kuna mtambo wa kuzuia mzunguko huo. Watafiti waliokusanya data hii waliuacha makusudi. Ukiwa ndani ya teksi-basi yenye kioo kichafu, madoa ya kioo hubaki palepale huku nyumba za nje zikihama. Ndivyo ilivyo hapa. Madoa ya vioo yalibaki mahali pake, sayari ikahama zaidi ya nyuzi 80 kuizunguka nyota katika saa zile chache. Njia hii ilielezwa kwa ukamilifu na Christian Marois na wenzake mwaka 2006, na miaka miwili baadaye Marois akaongoza kundi lililotangaza picha ya sayari tatu za nyota HR 8799.

Kwa hiyo unafanya hivi. Kwa kila piseli, unachukua thamani ya katikati kati ya zile 61: sayari haimo, maana haikukaa hapo muda wa kutosha. Picha hiyo ya madoa matupu unaitoa katika kila picha. Kisha unageuza kila moja mpaka kaskazini ya zote iwe juu, na kuzipanga pamoja. Nilipomaliza hatua hiyo, nukta ilikuwa chini upande wa kulia, kama piseli 17 kutoka katikati. Nilimwita mke wangu kabla sijamwita mtu mwingine.

Baadaye nilitumia njia kali zaidi, inayovunja madoa katika vijenzi vikuu, yaani maumbo yanayojirudia picha hadi picha, na kuvitoa kimoja baada ya kingine. Hapa kunahitajika busara. Ukitoa vichache, mwanga wa nyota unabaki mwingi. Ukitoa vingi mno, sayari nayo inaanza kuliwa, kwa kuwa hesabu inajifunza hata umbo lake. Mimi nilibadilisha idadi hatua kwa hatua na kutazama nukta inavyoimarika, kisha inavyofifia.

“Yaya, hapa wanasema ugeuze alama ya pembe, jumlisha iwe kutoa,” mdogo wangu alisema. “Kama ni sayari kweli, itapotea.”

Niligeuza. Kila picha ikazungushwa kinyume, na nukta ikatoweka, imesambaa hovyo. Jaribio hilo naliheshimu kuliko picha yenyewe. Tuliongeza pia sayari ya bandia upande wa pili, yenye mwanga ule ule, nayo ikatoka pale pale tulipoiweka.

Hata hivyo nukta halisi inaweza kuwa nyota ya mbali sana iliyo nyuma. Hilo linaamuliwa na muda pekee: mwenzi wa kweli husafiri angani pamoja na nyota yake na kuizunguka. Beta Pictoris b ilionekana upande mmoja 2003, na 2009 ikaonekana upande wa pili. Fomalhaut b haikuwa na bahati hiyo. Ilitangazwa 2008 kama sayari, ikaja kufifia na kutanuka, na uchambuzi wa 2020 ukaonyesha kuwa ni wingu la vumbi. Kwa nyota wenzi mambo yalianza zamani zaidi: Friedrich Bessel alitambua 1844 kwamba nyota ya Sirius inayumba, akasema ina mwenzi asiyeonekana, na Alvan Graham Clark akamwona mwenzi huyo 1862, akiwa hafifu kuliko Sirius kama mara 10,000.

Kazi inayofuata ni kuipima sayari yangu katika tarehe nyingine. Mwaka 2018 ilijitokeza tena upande wa kaskazini-mashariki wa nyota, na data za kamera ya SPHERE, nayo ya VLT, ziko wazi kwenye hifadhi ya ESO, shirika la Ulaya linaloendesha darubini hiyo. Faili hizo ni gigabaiti nyingi, mega za hapa haziziwezi. Mdogo wangu atazishushia Ndola na kuzivusha Kasumbalesa kwenye diski.